Mama Alivyofaulu kwa Nesi

Kwa fundi friji,
Chumba cha nyuma.
Jumapili mchana.

Mpendwa Mama Mdogo,

Naanza na jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote. Nikianza na salamu najijua, nitajificha nyuma yake mpaka karatasi iishe. Mama alipoanguka sakafuni mbele yangu, akakakamaa na kutoa povu, sikuanza kwa kuogopa. Nilianza kwa kufurahi. Hofu ilikuja baadaye, ikakuta furaha imeshakaa.

Basi, limetoka. Shikamoo, Mama Mdogo. Hujambo lakini? Baba alisikia kwa watu kwamba kifua kilikusumbua wakati wa baridi, na kwamba mvuke wa kule dobi unakofanya kazi haukusaidii. Natumaini umepata nafuu, na yule msimamizi wenu mliyempa jina la Pasi, kwa kuwa kila anapopita lazima mtu aungue, amepunguza moto kidogo. Sisi huku tupo. Baba ni mzima wa mwili. Mjomba hajambo, na sauti yake ndiyo haijambo zaidi.

Najua hunifahamu sana. Mara ya mwisho uliponiona nilikuwa mdogo, nimesimama nyuma ya mlango wa jikoni. Wewe ulikuwa umekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kichwa kimenyolewa, unakula haraka haraka kama mtu anayeogopa sahani itachukuliwa. Uliniona ukanikonyeza. Asubuhi yake ulikuwa umeshaondoka. Nilipouliza, niliambiwa umekwenda kutafuta maisha na nisiulize tena.

Shule nimemaliza, matokeo bado. Mtu aliyemaliza shule na hana matokeo ni kama kiti cha ziada, kila mtu humsogeza anapopita. Ndiyo maana yote nitakayokuandikia niliyaona kwa macho yangu. Hakuna aliyekumbuka kunitoa chumbani.

Habari yenyewe ni ya dada yako. Unamjua kuliko mimi, maana mlilala kitanda kimoja utotoni. Bado ni mwalimu mkuu wa shule ileile. Wanafunzi wanamwita Rula, na analijua jina hilo, na nadhani analipenda. Mimi nimesoma chini yake miaka yote, kwa hiyo nimepigwa na Rula shuleni na nyumbani. Simaanishi fimbo. Fimbo hakuwahi kuihitaji.

Siku moja mgeni aliniuliza ninataka kuwa nani nikiwa mkubwa, nikachelewa kujibu. Mama akamwambia, "Mwache, huyo ungemwuliza kabati ungepata jibu mapema." Mgeni alicheka mpaka akafuta machozi. Mimi pia nilicheka. Ukikaa na Mama unajifunza kucheka kabla hujaumia.

Anakunywa, Mama Mdogo. Sijui kama ulilijua hilo. Anakunywa ile kali, siyo bia, na ameanza zamani. Asubuhi anaweka kidogo kwenye chai ili mikono itulie aweze kushika chaki. Mchana anakunywa akirudi, usiku anamalizia. Baba ndiye mnunuzi, ili mke wake asionekane dukani. Chupa anazificha karakanani, ndani ya friji bovu ambalo mwenyewe hakurudi kulichukua. Katikati ya mafriji yote ya wateja, hilo moja tu ndilo lililokuwa halikosi kitu. Nilipomwuliza Baba kwa nini, alisema bora anywee ndani.

Kilichotibua mambo ni kikao cha wazazi. Mama alisinzia akiwa amesimama, akaegemea ubao, na mzazi mmoja akasikia harufu. Mwenyekiti wa kamati ya shule alimwita pembeni akamwambia kwa upole: aende kliniki ya walevi, alete karatasi kwamba yuko kwenye matibabu, la sivyo ofisi ampishe mwingine. Upole ule ndio uliomchoma. Mama huwa hajui la kufanya na upole.

Kliniki ile inawapanga watu kwa ngazi, baada ya nesi kuwahoji. Ngazi ya kwanza ni ya wale ambao pombe haijawashika sana. Unakwenda mara moja kwa wiki, mnakaa kwa duara mnazungumza, unarudi kulala kwako. Ya pili unakwenda kila siku kama mtoto wa shule, alasiri unarudi nyumbani. Ya tatu unahamia kwenye nyumba yao, unakula na kulala huko, na kuna nesi wa zamu. Ya nne ni kitanda cha hospitali, daktari na dripu, kwa yule ambaye mwili wake hauwezi kuachana na pombe bila vita. Mtu mwingine angeelewa kwamba ngazi zinafuata uzito wa ugonjwa. Lakini sisi ni nyumba ya mwalimu. Sisi tuliona namba moja.

Kwa hiyo Mama alijiandaa. Nakuapia, alijiandaa. Jumamosi nzima walikaa mezani, Mjomba akawa nesi, Mama akawa Mama. Unakumbuka Mjomba ni dalali, kuuza kitu kibovu ndiyo kazi yake.

"Unakunywa mara ngapi, mama?"

"Kwenye sherehe tu."

"Rudia. Na safari hii usilambe midomo."

"Kwenye sherehe tu, na si sherehe zote."

"Hapo sawa! Hiyo ya si sherehe zote ni mali safi, hata mimi ningenunua."

Mimi niliambiwa nikae niangalie. "Kaa hapo uone watu wanavyojibu maswali," Mama alisema, "labda itakuambukiza." Baba alikuwa dirishani anazungusha bisibisi yake mkononi.

Siku ya siku Mama alivaa gauni la mahafali na viatu vya kufunga. Kabla ya kutoka alikunywa ya kutosha mikono isitetemeke, akatafuna karafuu. Tukaenda wote wanne kama watu wanaokwenda kuposa.

Na nesi, Mama Mdogo, alikuwa mwanafunzi wake wa zamani! Alipomwona tu alisimama kwa heshima mpaka kiti chake kikaanguka. Mama akakiangalia kiti. Yule dada akakiinua. Mama akamwambia akae, akakaa. Akamwambia anyooshe mgongo, akanyoosha. Baada ya hapo sijui nani alikuwa anampima nani. Kila alipouliza swali, Mama alimtazama juu ya miwani kama mtu anayesubiri swali lenye akili zaidi, naye akaruka kwenda linalofuata. Aliwahi kuacha akatetemeka? Hapana. Aliwahi kuona vitu visivyokuwepo? "Nikiwasahihisha ninyi, ndiyo, niliona majibu yasiyokuwepo." Nyumbani kuna pombe? Mjomba akadakia: hata siki hamna.

Nesi alinitazama mimi mara moja. Nilitazama sakafu. Ilikuwa na vigae vya kijani na kimoja kimepasuka.

Akapangiwa ngazi ya kwanza.

Tulirudi kwa shangwe. Mjomba alimpa mkono mlangoni kama amepata cheo. Mama akavua viatu, akaniambia, "Umeona? Mimi hata kwenye ulevi nashika namba ya kwanza. Wewe kwenye shule ya mama yako mzazi ulikuwa unashika ile ya katikati, wanakokaa watu wasiojulikana kama wapo." Mjomba alicheka. Baba alisema basi, basi, kwa sauti ndogo.

Ingeishia hapo pengine asingeanguka. Lakini Mama hajawahi kufanya kazi nusu. Alisema hawezi kwenda kukaa duara na walevi akiwa mlevi, atakwenda akiwa ameshamaliza, ili wamtumie kama mfano. Jioni ileile akamwamuru Baba amwage zote. Baba akazimwaga kwenye mtaro wa karakana, na karakana ikanuka mpaka wateja wakauliza.

Pale kliniki, wakati wao wanaongea, mimi nilikuwa nimesoma bango ukutani. Lilisema anayekunywa kila siku kwa muda mrefu asiachishwe ghafla nyumbani, kwa sababu mwili unaweza kuingia kifafa na mtu akafa. Lilisema aachishwe polepole, kwa dawa, daktari akiwepo. Nililisoma mara nyingi kwa kuwa sikuwa na pengine pa kuweka macho. Kwa hiyo kesho yake, Mama alipoanza kutokwa jasho na kikombe kugonga sahani, nilimfuata Mjomba uani nikamnong'oneza.

Akaita nyumba nzima. "Jamani njooni, tuna daktari! Bado matokeo hayajatoka lakini yeye ameshaanza kutibu!"

Mama alisikia. Hakuwa na nguvu ya kunijibu siku hiyo. Usiku nilimsikia anawaita wanafunzi walioondoka shuleni miaka mingi iliyopita, anawaambia wanyamaze.

Asubuhi iliyofuata alikuwa anafuta mezani wadudu ambao sikuwaona. Aliponiona ninamtazama, akanisimamisha katikati ya sebule kama darasani. "Wewe ndiye uliyekuwa unanong'ona uani? Nong'ona tena. Hapana, sema kwa sauti. Sema, majirani wajue kuwa nyumba hii ina binti. Sema!" Nikafungua mdomo. Sijui ningesema nini, maana hapo hapo akaanguka.

Hapo ndipo furaha yangu ilipoingia. Nikuambie ilivyokuwa, kwa kuwa wewe ndiye mtu wa pekee ninayeweza kumwambia. Niliwaza: sasa wataona. Sasa hakuna wa kusema kwenye sherehe tu. Na niliwaza pia, na hili ni baya zaidi: sasa amenyamaza. Nilisimama pale namwangalia anavyopigapiga kisigino sakafuni, na ndani yangu kulikuwa kumetulia kabisa. Kisha nikaona damu mdomoni, amejing'ata ulimi, nikapiga kelele. Baba anasema sauti ile alidhani ni ya mtu wa nje, hakuwahi kuisikia.

Hospitali walimlaza mara moja. Yaani aliruka kutoka ngazi ya kwanza mpaka ya nne kwa asubuhi moja. Daktari akauliza anakunywa kiasi gani kwa siku. Mjomba akafungua mdomo, Baba akamwekea mkono kifuani, ndiyo mara yangu ya kwanza kumwona Baba akimgusa mtu kwa hasira. Akasema kiasi chote, akitazama viatu vyake. Akasema na friji.

Walimpa dawa za kutuliza mwili na za kumwongezea nguvu, wakamfunga mikono kwa vitambaa siku alipong'oa dripu. Nilikaa naye mchana. Aliwatukana manesi kwa lugha safi, bila kosa hata moja, mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akawa anasubiri kama mtu anayesubiri taarifa ya habari.

Alipotulia, yule nesi wa kliniki alikuja. Alikuwa yuleyule, lakini si kama siku ile. Mgongo ulikuwa umenyooka bila kuambiwa. Alitukalisha kwenye benchi la nje akasema lawama yake ameshaichukua na tuchukue zetu. Kisha akatueleza kwamba hospitali inamtoa mtu kwenye hatari ya kufa, basi. Kilichomfanya anywe hakipo kwenye damu, kinamsubiri nyumbani kwenye kiti chake. Wengi huishia hapo hapo, wanatoka wasafi na mwezi hauishi wamerudi. Lazima aende mahali pengine kutoka hapa, na swali ni wapi.

Mjomba alikuwa na jibu tayari. "Tumpeleke kule tulikompeleka yule."

Yule ni wewe, Mama Mdogo.

Alisema kule wanakowanyoosha walevi ni mbali, kuna ukuta, hakuna mgeni anayeingia, na mtu akiuliza tunasema yuko kwenye semina. Aliinadi kama nyumba ya kuuzwa. Ukuta! Mbali! Kimya! Nesi akamwuliza kama kuna daktari. Mjomba akasema kuna nidhamu. Nesi akasema kwamba mgonjwa hapimwi kwa umbali wa aibu yake. Anapimwa mwili wake una hatari gani, akili yake ikoje, amewahi kujaribu kuacha ikashindikana, na anaporudi kulala analala na nani. Mjomba akajibu kwamba yeye hakuuliza somo, ameuliza bei. Lakini tukakubaliana twende tukaone, Baba, Mjomba na mimi, kila mahali, ndipo tuamue.

Tulianza na kule kwako. Nilitaka kukuandikia kwamba pamebadilika. Hapajabadilika, au kama pamebadilika basi sitaki kujua palivyokuwa. Mkuu wa pale anaitwa Kamanda, na aliyempa jina hilo ni yeye mwenyewe. Watu walikuwa uani wanahamisha mawe kutoka ukuta mmoja kwenda mwingine. Waliohamisha jana walikuwa wanayarudisha. Mwanamke mmoja alisimama juani, ana kipande cha boksi shingoni kimeandikwa MIMI NI MWONGO. Wote wamenyolewa. Kamanda akasema, "Hapa hatuna nesi. Nesi wetu ni jua."

Baba akauliza mtu akiingia kifafa wanafanyaje. "Tunamwagia maji. Akifa, alikuwa anakufa hata kwenu."

Mjomba akamwambia kwa urafiki kwamba sisi si wageni, tulishawaletea mmoja zamani. Kamanda akauliza kama alipona. Mjomba akasema, "Hajarudi kutusumbua." Wakacheka wakapeana mikono. Nisamehe kwa kukuandikia hili. Niliona ni lako, si haki nikae nalo mimi.

Mpango wa kila siku uko kwenye ukumbi nyuma ya kliniki. Tulikuta watu wamekaa kwa duara na seremala mmoja anasimulia jinsi alivyouza mlango wa nyumba yake mwenyewe ili anywe, halafu akalala mlangoni kulinda kisiibwe kitu. Wote walicheka, naye akacheka, kisha akalia, na hakuna aliyemwambia anyamaze. Nilipapenda. Niliona kwamba mtu anaweza kucheka pale baada ya kuumia, si kabla. Lakini msimamizi akatuambia wazi kuwa mpango huo unamfaa mwenye nyumba tulivu ya kurudi. Mchana wanamjenga wao, usiku lazima kuwe na mtu wa kutobomoa.

Nyumba ya kliniki, ile ya ngazi ya tatu, ni nyumba ya kawaida tu. Vitanda viwili kila chumba, zamu za kupika, nesi usiku na mchana, bustani ndogo ambayo hakuna anayejua kuilima. Mlango haufungwi kwa kufuli. Mjomba alipouliza wanazuiaje watu kutoroka, mpishi wa zamu, mzee mwenye kovu shavuni, alimwambia, "Hatuwazuii. Nje wanapajua, ndiyo maana wamekuja ndani." Mjomba akasema pale ni hoteli na hatoi dada yake akastarehe.

Baba alitaka aende mpango wa kila siku na kulala nyumbani. Alisema hawezi kulala peke yake. Mjomba alitaka kwa Kamanda. Mimi hakuna aliyeniuliza, mpaka nesi alipokuja wodini kumuuliza Mama maswali yale upya, safari hii sisi sote tukiwa tumesimama kuzunguka kitanda.

Mama alikuwa amepungua. Bila miwani uso wake ni mdogo. Alijibu maswali moja baada ya jingine, kwa ukweli, kwa sauti ya mtu anayesoma majina ya waliofeli. Ndiyo. Kila siku. Asubuhi pia. Nimejaribu, sikuweza. Kisha akasema, "Nipelekeni kwa Kamanda. Mimi ndiye niliyempeleka mdogo wangu, niacheni na mimi nikaone." Mjomba akapiga makofi. Alidhani ni ushindi wake.

Nesi akamwambia, "Mwalimu, sijauliza unastahili nini. Nimeuliza unaumwa nini." Akaendelea. "Ukilala nyumbani, kuna mtu wa kukaa nawe?"

"Huyu hapa," Mama akasema, akanielekeza kwa kidevu. "Hana kazi. Hana maneno. Atanilinda kama kufuli."

Nesi akanigeukia. "Utaweza?"

Wote walinitazama, Mama Mdogo. Baba alinitazama kama mtu anayeomba maji. Nilijua nikisema ndiyo, Mama anarudi nyumbani, anakwenda ukumbini mchana, na Baba anapata usingizi. Ukumbi ule ulikuwa mzuri. Na kama ningenyamaza ingekuwa ndiyo pia, maana kimya changu kimetumika kama ndiyo maisha yangu yote.

Nikasema, "Siwezi. Ninamwogopa. Na Baba atamnunulia."

Hakuna aliyecheka. Mjomba alianza kusema huyu mtoto, halafu hakumalizia. Baba aligeuka akatoka nje, nikasikia anapenga pua kwenye korido. Nesi akasema basi nyumbani hapafai, na kwa Kamanda hapafai kwa sababu anaweza kuanguka tena. Imebaki nyumba ya kliniki, akitaka mwenyewe. Akamwuliza Mama kama anataka.

Mama alikuwa ananitazama mimi. Sijawahi kutazamwa naye kwa muda mrefu hivyo. Kisha akasema, "Miaka yote nakuomba useme. Leo ndiyo umejua kusema." Akageukia ukutani. Baadaye akauambia ule ukuta kwamba anataka.

Tulimpeleka Alhamisi. Alikataa nibebe begi lake. Mlangoni alimuaga Baba, akamuaga Mjomba kwa jina lake la utotoni. Mimi hakuniaga. Alipita kama unavyopita kiti.

Kanuni yao ni kwamba wiki za mwanzo haruhusiwi kupokea wageni wala simu. Zikipita wiki hizo, atampigia mtu mmoja, wa chaguo lake. Nesi alimwuliza ni nani. Mjomba akarekebisha kola. Mama akasema, "Mdogo wangu."

"Yule?" Mjomba akasema. "Yule hata simu zetu hapokei."

"Ndiyo maana."

Hiyo ndiyo sababu ya barua hii. Simu itakuja, Mama Mdogo, kutoka namba usiyoijua, na atakuwa yeye. Sikuombi umsamehe. Sijui walikufanyia nini kule, nilichoona ni mawe na boksi, na hata hayo sitaki kuyaota. Ukiikata, mimi sitakulaumu na sitamwambia mtu. Ila nilitaka uwe umejiandaa. Yeye hujiandaa kwa kila kitu, isingekuwa haki akukute hivi hivi.

Baba anakusalimu. Friji lile amelitoa milango akalitupa, ingawa jana nilimkuta amesimama mahali lilipokuwa. Mjomba hakunituma salamu, lakini kila siku ananiuliza kama dada zake wote wawili wamemkataa, kwa hiyo nadhani ni salamu. Yule mpishi wa kovu anasema Mama ameshamsahihisha jinsi anavyokata vitunguu. Mungu akulindie kifua chako, na akupe wenzako wa kazi wenye huruma.

Atakuuliza habari zangu, au hatakuuliza. Akikuuliza kama nilisema siwezi kwa kumhurumia au kwa kumlipiza, mwambie hujui, kwa sababu na mimi sijui. Lakini lile nililoanza nalo juu kabisa, la nilichohisi alipoanguka, nakuomba life nawe. Usimwambie yeye, usimwambie Baba, usiliandike hata kwenye jibu lako. Mama anaweza siku moja kunisamehe kwamba nilisema. Kwamba nilifurahi hatanisamehe, na mimi bado nataka arudi.

Mtoto wa dada yako, akupendaye ijapokuwa hukumlea.